Chumvi ya haluli na jani la manjano: kuitunza gadenia katika udongo wa chokaa

Mwenyekiti, wageni waalikwa na ndugu zangu wapenda bustani, assalamu alaykum.

Nimekuja na majani mawili, na ninaomba yapitishwe mkono kwa mkono wakati ninazungumza. Yote mawili yamechumwa kwenye gadenia na yote mawili yana umanjano, lakini mwenye kuyatazama vizuri ataona kwamba maradhi yake ni mbalimbali. La kwanza limekomaa, limetoka sehemu ya chini ya tawi; umanjano umeanzia kingoni ukaingia ndani, na karibu na kikonyo pamebaki kijani mfano wa ncha ya mshale. La pili ni changa, la kileleni. Limepauka lote hata linakaribia weupe, na kilichosalia kijani ni mishipa yake tu, kama nyavu iliyotandwa juu ya kitambaa. Hapa Unguja jani hili la pili ndilo ninaloletewa karibu kila mara, na dawa ninayoambiwa imekwisha kutumika ni ile inayolifaa la kwanza.

Dawa hiyo ni chumvi ya haluli, ambayo siku hizi wengi huiita chumvi ya Epsom, kwa jina la mji wa Uingereza ambao maji yake machungu yalisifika katika karne ya 17 kwa kusafisha tumbo. Ni salfeti ya magnesiamu: karibu asilimia 10 ya uzito wake ni magnesiamu na asilimia 13 ni salfa. Magnesiamu ndiyo iliyo katikati ya chembe ya klorofili, rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo waliosema kwamba chumvi hii hurudisha ukijani hawakutunga. Ila magnesiamu ina tabia ya kuhama. Mti ukipungukiwa nayo huinyang'anya kutoka kwenye majani yaliyokomaa na kuyapelekea machipukizi, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza chini. Chuma, kinyume chake, kikishaingia katika jani hakitoki. Kinapokosekana, majani machanga ndiyo yanayopauka, na ya zamani hubaki na rangi yake.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Gadenia yangu ya kwanza niliipanda kando ya ukuta wa nyumba, nikainywesha haluli kila baada ya wiki mbili kwa miezi minane, na kila ilipozidi kupauka nilizidisha kipimo. Sikujua kwamba magnesiamu ikizidi udongoni huushindanisha mzizi na kuuzuia usipate kalsiamu na potasiamu ya kutosha, kwa hiyo juu ya njaa ya chuma nilikuwa ninauongezea mti njaa nyingine. Wala sikutazama kule juu ukutani, ambako kila mvua iliponyesha chokaa ya lipu kuukuu ilikuwa ikimomonyoka na kudondokea shinani.

Gadenia tunayoipanda kwa maua yake meupe asili yake ni Uchina, Japani na nchi za jirani, na ni ndugu wa mbuni, mti wa kahawa, katika ukoo mmoja wa mimea. Yote miwili hupenda udongo wenye tindikali, na kwa gadenia ni pH ya kati ya 5 na 6 hivi; pH ni kipimo cha tindikali, nayo hushuka kadiri tindikali inavyozidi. Sisi tunaipanda juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na chokaa hupandisha pH. Chuma tunacho: wekundu wa kinongo, udongo wetu mwekundu, wenyewe ni chuma. Lakini kila pH inapopanda daraja moja, chuma kinachoweza kuyeyuka majini hupungua kama mara elfu moja, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka. Ghala limejaa, ila limefungwa. Haluli hailifungui, kwa sababu salfa iliyomo imekwisha kuwa salfeti na haiongezi tindikali yoyote udongoni.

Hapa mezani nina visahani viwili vya udongo mkavu, kimoja kutoka shambani na kimoja kutoka chini ya ukuta ule. Ninatia kijiko cha siki katika kila kimoja. Cha shambani kimenyamaza. Hiki kingine, walio mbele mnakisikia, kinachemka na kutoa povu. Povu hilo ni chokaa inayoliwa na siki, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora ya siki katika bustani, kupima. Kumwagilia siki au maji ya ndimu ili kuugeuza udongo ni kazi ya siku chache tu, maana chokaa huimaliza tindikali hiyo na vijidudu vya udongo hula kinachobaki.

Tiba nyingine za jikoni nitazipitia kwa haraka. Misumari yenye kutu huongeza chuma kile kile kisichoyeyuka. Mashapo ya kahawa si makali kama yanavyodhaniwa, kwani tindikali nyingi imekwenda na kikombe. Yachanganywe katika mboji, yasilundikwe shinani yakagandamana na kuyazuia maji. Maganda ya mayai na majivu ninayakataza kabisa kwa gadenia, kwa kuwa yote mawili yanapandisha pH. Maganda ya ndizi huleta potasiamu baada ya kuoza, na hayana neno yakipita kwenye mboji.

Ikiwa udongo wako umetoa povu, nakusihi usishindane nao. Salfa ya unga, hii hii inayopulizwa mikorosho huko Mtwara na Lindi, hugeuzwa polepole na bakteria kuwa tindikali, na huo ndio msaada wa kweli kwa udongo usio na chokaa. Lakini kilo 1 ya salfa humalizwa na kilo 3 hivi za chokaa, na sisi tumekaa juu ya kisiwa kizima cha chokaa. Panda kwenye chungu kikubwa chenye matundu, kwa mboji iliyoiva na udongo ulionyamaza mbele ya siki. Kisha tazama maji. Kisima kinachoacha ukoko mweupe ndani ya birika kinaacha ukoko huo huo katika chungu chako kila unapomwagilia. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, na uyaweke katika pipa la plastiki, kwa sababu tangi jipya la saruji nalo hutoa chokaa. Wakati mti unasubiri kupona, chuma kilichofungwa kwa EDDHA, kemikali inayokishikilia kibaki kimeyeyuka, hufanya kazi hata penye pH ya juu. Kile cha EDTA, ambacho hupatikana kwa urahisi zaidi, huishiwa nguvu pH inapopita 6.5 hivi.

Huko chunguni ndiko haluli itakapopata nafasi yake. Maji ya mvua hayana magnesiamu ya kutajika, na kila yanapopita hubeba kidogo ya ile iliyomo, hata baada ya muda ukaanza kuona jani la kwanza, lenye mshale wa kijani. Hapo yeyusha kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji, umwagilie mara moja kwa mwezi, na uutazame mti kwa majani yake mapya, kwa sababu yaliyokwisha kuharibika sana huenda yasirudi. Usipoona mabadiliko, fukua kidogo uitazame mizizi: yenye vinundu imeshambuliwa na minyoo fundo, na hakuna chumvi itakayoitibu.

Majani yangu mawili yakishafika nyuma naomba yarudishwe hapa mezani, na waliokuja na majani yao au udongo wao wasogee mbele. Siki imebaki ya kutosha.