Utumbo mdogo kuliko punje ya ulezi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliokuja na makoti kwa baridi hii ya Juni, asanteni.

Watu wa Rungwe humu watanielewa upesi. Anayetaka shamba la migomba hatafuti mbegu. Anang'oa chipukizi ubavuni mwa mgomba mama, analifukia penye samadi, basi. Utumbo nao una machipukizi yake. Chini kabisa, kwenye vishimo vya ukuta wake, zinakaa seli shina, na ndizo zinazoufanya ukuta huo ujivue na kujivika upya kila baada ya siku chache. Mwaka 2009, kule Utrecht, Uholanzi, Toshiro Sato na Hans Clevers walitwaa seli shina moja ya panya, wakaiweka kwenye tone la jeli lenye vichocheo vya ukuaji. Ikaota. Tena ilijipanga: vishimo, seli za kutoa ute, seli za kufyonza chakula. Hiyo ndiyo oganoidi, kiungo kidogo mno kilichooteshwa maabara.

Mtaniuliza, ya nini, na maabara zina seli za saratani ya Henrietta Lacks, mgonjwa wa Marekani, tangu 1951? Seli hizo zimezoea chupa, na virusi wengine hawazitaki kabisa. Norovirusi, hawa wa kutapika na kuhara, walizua mlipuko Norwalk, Ohio, mwaka 1968, kisha karibu miaka 50 wakagoma kuoteshwa maabara. Mwaka 2016 kikundi cha Mary Estes, Houston, kikawapa oganoidi za utumbo wa binadamu. Wakakubali, ila aina nyingine zilidai kwanza ziongezewe nyongo. Nyongo jamani!

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa 2020. Wapo bakteria wa E. koli wanaotengeneza sumu iitwayo kolibaktini, inayochubua vinasaba. Waholanzi waliwadunga bakteria hao ndani ya oganoidi, wakarudia kwa miezi 5, halafu wakasoma makovu yaliyobaki kwenye vinasaba. Yalikuwa na mpangilio wake wa pekee. Walipofungua kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, wakakuta baadhi yao wana makovu yaleyale. Mwindaji akiona nyayo hahitaji kumwona chui.

Sasa msitoke hapa mkidhani tumemaliza. Oganoidi haina mishipa ya damu, wala haina askari wa mwili, yaani seli za kinga, mpaka uwaongeze. Kifua kikuu ni ugomvi wa bakteria na askari hao; oganoidi ya pafu isiyo nao ni uwanja wenye timu moja. Na jeli yenyewe, inayotokana na uvimbe wa panya, ni kinyume cha samli: ikipata joto inaganda. Friji ikikosa umeme mchana kutwa, umepoteza pesa nyingi.

Hata hivyo, mwaka 2021 Waholanzi haohao walionyesha kwamba oganoidi za saratani ya mlango wa kizazi zinaweza kuoteshwa kwa seli zilizokwanguliwa na brashi ya uchunguzi. Hapa Tanzania hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Ndiyo pia aliyougua Henrietta Lacks, na hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuotesha seli zake. Basi siku tutakapootesha za mama zetu wa Chunya na Rungwe, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na wasomewe kabla brashi haijatolewa kwenye pakiti.

Karibuni maswali. Mama wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja nyongo.