Nether: neno la "chini" lililohamishiwa stoo

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, hii maiki leo inakatakata. Mtoto wa dada yangu anacheza Minecraft mpaka usiku wa manane, juzi kaniuliza, anko, Nether maana yake nini? Maana kwenye gemu unajenga fremu ya mawe meusi, unaiwasha, unaingia huko, lava na moto mtupu. Nikamwambia, chini. Akasema chini tu? Chini tu. Akaniona mshamba.

Ila ndo hivyo. Kiingereza cha kale, kabla hata Wanormani hawajaivamia Uingereza 1066, kilikuwa na neothera, yaani cha chini zaidi, na low tunayoijua leo wala haikuwa yao, ililetwa na Waviking, sasa mgeni akakaa sebuleni mwenyeji akahamia stoo. Leo ukiomba sukari iliyo kwenye shelfu ya nether watu watacheka, kwa sababu nether siku hizi ni zile sehemu zetu za... mnazijua wenyewe.

Limebaki kwenye majina ya vijiji. Hampshire, Uingereza, kuna Over Wallop, Middle Wallop na Nether Wallop, unavifuata vyote kwa kijito kimoja kinavyoshuka. Lile lower la Lower Kabete pale Nairobi ndo kazi hiyohiyo, Waingereza wangekuja kutawala miaka mia tano nyuma labda ingekuwa Nether Kabete.

Halafu Biblia yao ya 1611, Ayubu 41, moyo wa yule mnyama wa majini ni mgumu kama nether millstone, yaani jiwe la chini la kusagia. Aliyesaga ulezi kwa bibi anaelewa, jiwe la juu unalishika, linaenda linarudi, la chini limetulia tu linabeba uzito wote, mikono inachoka lenyewe lipo palepale.

Na Netherlands je? Nchi za chini, na chini kweli, kama robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Schiphol upo palipokuwa ziwa, wakalikausha 1852, ndege inatua mita kama tatu chini ya bahari na abiria wala hana habari. Sisi tunasema Uholanzi, kutoka Holland, ambayo ni upande mmoja tu wa nchi, kwa hiyo hiyo "chini" tuliidondosha njiani.

Nikamsimulia dogo yote haya. Akauliza, kwa hiyo Uholanzi kuna lava?