Ghala la Umeme Mlimani

Ndugu zangu, nianze na ndoo. Jaza maji ndoo ya lita 20, ipandishe mlima wa mita 500. Ukifika juu jasho linakutiririka na magoti yanakudai. Sasa yamwage maji hayo kwenye bomba, yashuke hadi kwenye mtambo wa kufua umeme. Unapata nini? Umeme wa kuchemsha kikombe kimoja cha maji. Kimoja tu.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka, lakini kituo cha Dinorwig, kaskazini mwa Wales, kinafanya kazi hiyohiyo ya ndoo, ila kwa karibu meta za ujazo milioni 7. Juu kuna ziwa la Marchlyn Mawr, chini kuna Llyn Peris. Usiku watu wamelala, umeme uko wa kumwaga, mitambo inayapandisha maji. Umeme ukihitajika, maji yaleyale yanateremka, na mitambo ileile inazunguka kinyume na kugeuka kuwa jenereta. Hakuna mashine ya kupandisha na nyingine ya kushusha. Ni hiyohiyo sita, huenda na kurudi.

Hapa ndipo watu hunibana. Ukiingiza umeme wa vizio 100, unarudishiwa kama 75. Robo imepotea kwenye msuguano na joto. Basi mtu ananiambia, mwalimu, hiki si kituo cha kuzalisha umeme, hiki ni mlafi! Nami namjibu kwamba hajakosea. Dinorwig haikujengwa kuzalisha. Ni ghala. Mwenye ghala la nafaka naye hupoteza kidogo kwa panya na wadudu, lakini hakuna anayemuuliza kwa nini halimi. Anachouza ni kuwa na nafaka mwezi ambao wengine hawana.

Tena kwenye umeme huo "mwezi" unaweza kuwa dakika tatu. Tarehe 4 Julai 1990, Uingereza ilicheza na Ujerumani Magharibi nusu fainali ya Kombe la Dunia, mpaka penalti. Uingereza ikatolewa, na nchi nzima ikainuka kwenye viti kwa mpigo. Wengine walikwenda msalani (hata pampu za maji hula umeme), wengine wakawasha mabirika ya chai. Mahitaji yakaruka kwa megawati 2,800 hivi. Nadhani ndiyo chai chungu kuliko zote zilizopata kunywewa kule.

Sasa jaribu kumwambia mtu wa kituo cha makaa ya mawe akupe megawati hizo papo hapo. Boila ya makaa ikiwa baridi huchukua saa nyingi kupata moto. Nyuklia ndiyo kabisa, haipendi kusukumwasukumwa. Dinorwig hutoka sufuri hadi megawati 1,320 kwa sekunde 12. Siri yake naipenda mno: mitambo haisubiri ikiwa imesimama. Maji husukumwa nje kwa hewa iliyobanwa, mtambo ukabaki unazunguka mtupu, kwa kasi inayokwenda sambamba na mapigo 50 kwa sekunde ya gridi. Amri ikija, hewa inatolewa, milango inafunguka, maji yanaingia kwenye kitu ambacho tayari kiko mbioni. Ni kama mkimbiza kijiti anayeanza kukimbia kabla hajakabidhiwa kijiti.

Vyote hivyo vimefichwa ndani ya mlima, mahali palipokuwa machimbo ya mawe bapa ya kuezekea. Ujenzi ulianza 1974, kikafunguliwa 1984, na mahandaki yake yana urefu wa kilomita 16. Jumla ni megawati 1,728, lakini kwa nguvu zote ghala linakauka baada ya saa tano hivi.

Nimeulizwa hapo mbele kuhusu hatari. Ipo, na si ya umeme, ni ya maji. Kule Missouri, Marekani, kituo cha Taum Sauk kilikuwa kinajaza bwawa lake la juu alfajiri ya tarehe 14 Desemba 2005. Mirija ya vipimo vya kina ilikuwa imechomoka kwenye vishikizo vyake, hivyo vikasoma maji yako chini kuliko yalivyokuwa. Pampu zikaendelea kusukuma. Maji yakafurika juu ya ukuta, yakauchimba kwa nje, ukuta ukabomoka, na bwawa likamwagika kwa muda usiofika nusu saa. Bondeni familia ya watu watano, ya msimamizi wa hifadhi, ilisombwa na nyumba yao. Wote walitoka hai.

Bwawa lile lilikuwa halina hata njia ya kutolea maji ya ziada. Waliojenga waliona ya nini, wakati halina mto unaoingia? Maji yote yaliletwa na pampu, na pampu huzimwa kwa swichi. Lilipojengwa upya, safari hii kwa zege, njia hiyo iliwekwa.