Mgonjwa wa Chumba cha Wageni

MWANAIDI: Haya, tumerudi. Na leo Eli kaja na daftari.

ELI: Si daftari, dada Mwana. Karatasi moja tu.

MWANAIDI: Karatasi moja imekunjwa mara nne, imeandikwa mbele na nyuma. Hebu soma kichwa.

ELI: "Mambo matano ya kupika maharage bila kumaliza gesi wala jioni yako."

MWANAIDI: Sawa, matano. Ila kabla ya hilo la kwanza, nataka kile kisa ulichonisimulia Jumanne kwenye simu. Mie nilikuwa nakata kitunguu, nikaweka kisu chini.

ELI: Kile hakimo kwenye karatasi.

MWANAIDI: Ndiyo nakitaka.

ELI: (anacheka) Haya. Jumapili nilipika maharage, kilo moja, yale mekundu. Yalikuwa yamelowekwa tangu usiku. Nikayachemsha dakika ishirini, moto mkali, yanatokota hasa. Nikazima jiko. Sasa hapo ndipo penye ujanja: sufuria ikishachemka, moto wa nini tena? Joto lipo ndani, kazi yako ni kulizuia lisitoke. Nikafunika, nikaizungushia taulo, juu ya taulo kanga mbili, juu ya kanga blanketi.

MWANAIDI: Blanketi lipi?

ELI: Lile zito la wageni.

MWANAIDI: Na hiyo sufuria ukaiweka wapi?

ELI: Mahali pasipo na upepo.

MWANAIDI: Eli.

ELI: Kitandani. Chumba cha wageni. Sikiliza lakini, kuna sababu! Sakafu yetu ni ya vigae, ukiiweka chini vigae vinanyonya joto lote. Godoro halinyonyi.

MWANAIDI: Na mto?

ELI: Mto niliuegemeza ubavuni, isije ikapinduka.

MWANAIDI: Kailaza na mto, jamani. Haya, akaja nani?

ELI: Mama mkwe. Bila taarifa. Kapanda basi la asubuhi kutoka Lushoto, saa nane mchana huyo hapo mlangoni na kapu la matunda. Mke wangu yuko kwaya, binti yetu yuko nje anacheza rede na wenzake. Niko peke yangu. Nikampokea, shikamoo mama, marahaba, maji ya kunywa. Akasema kachoka, anataka kujinyoosha kidogo. Nikamwambia karibu mama, chumba kile pale.

MWANAIDI: Ukasahau.

ELI: Nilisahau kabisa. Akaingia, akatoka papo hapo anatembea kwa vidole. Akaninong'oneza, "Kumbe kalala." Mimi nikaitikia, "Ndiyo, mama."

MWANAIDI: Kwa nini uitikie?!

ELI: Dada Mwana, mama mkwe akisema kitu wewe unabisha? Unaitikia kwanza, kuelewa baadaye. Akaenda akazima redio. Akakaa pale kwenye kochi, tukawa tunaongea kwa minong'ono. Habari za shamba, kwa minong'ono. Msiba wa jirani, kwa minong'ono. Nusu saa nzima. Mimi nawaza labda safari imemkausha koo.

MWANAIDI: (anacheka) Endelea, endelea.

ELI: Akanyanyuka kwenda kumwangalia tena. Akarudi macho yamemtoka. "Baba, mtoto anachemka!"

MWANAIDI: Anachemka!

ELI: Nimempapasa mgongo, anasema, anachemka kabisa, mmempa dawa gani?

MWANAIDI: Ungemwambia kweli. Kachemka dakika ishirini.

ELI: Kashaomba beseni na kitambaa amkande. Mimi ndiyo akili inarudi. Kabla sijafungua mdomo, mlango wa nje huo, binti kaingia na vumbi lake, "Bibi!" Mama akamtazama mtoto. Akautazama mlango wa chumba. Akanitazama mimi.

MWANAIDI: Alisema nini?

ELI: Aliuliza kwa sauti ya kawaida sasa, "Yule ni nani?"

MWANAIDI: (anacheka kwa muda) Wallahi ningezimia. Na ulimjibu?

ELI: Nikasema, "Maharage, mama."

MWANAIDI: Na mgonjwa aliamka saa ngapi?

ELI: Saa kumi na moja jioni. Laini, hayajapasuka, mchuzi mzito. Mama mwenyewe alikula sahani mbili. Haya, jambo la kwanza...

MWANAIDI: Subiri. Sina nia ya kukukatiza, hili ni swali la kweli. Mtu anayetusikiliza asije akachukua maharage makavu, akayamwagia maji ya moto ya chupa ya chai, akayafunika blanketi, akasema Eli kasema.

ELI: Hapana, hapo hapana mzaha. Na hilo ndilo la kwanza kwenye karatasi. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu, inaitwa lektini, na hayo mekundu ndiyo yanayoongoza. Sumu hiyo inavunjwa na maji yanayotokota. Uvuguvugu hauivunji. Dakika kumi za kutokota ni chini kabisa, mimi naenda ishirini na zaidi ili niwe na amani. Maji ya kulowekea unamwaga, unaweka mapya. Ukishafunika, usifunguefungue kuchungulia. Na ukifunua jioni, rudisha jikoni yachemke tena ndipo uunge.

MWANAIDI: Kwa nini tena?

ELI: Kwa sababu chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 kikakaa hivyo saa nyingi, vijidudu vinaamka. Blanketi linahifadhi joto, halitengenezi joto. Ndiyo maana sufuria ijae pia. Ukifunika vikombe viwili vya maharage ndani ya sufuria kubwa, vinapoa kabla havijaiva.

MWANAIDI: Kwa hiyo mgonjwa awe mnene.

ELI: Awe mnene, ndiyo. Na wala si ugunduzi wangu. Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili walihimizwa kupika hivyo, sufuria ndani ya sanduku lililojazwa nyasi kavu, ili kubana kuni na makaa. Kwetu watu wanatumia kapu, wanalitandika vitambaa ndani na kuweka kimto juu.

MWANAIDI: Wao kapu. Wewe kitanda cha mama mkwe.

ELI: Nitatafuta kapu! Ila sikiliza, mtungi wangu ni ule wa kilo 6, mnajua naupima.

MWANAIDI: Wanajua. Wanajua mpaka mizani uliyoazima.

ELI: Zamani nikipika maharage kwa saa mbili, robo kilo ya gesi inaondoka. Jumapili mshale wa mizani haukutikisika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

MWANAIDI: Sasa ngoja na mie nikwambie Jumapili yangu. Nimetoka zangu mjini jioni, nimechoka. Nikapita kwa mama pale kona, nikanunua maharage yaliyochemshwa, vikombe vitatu. Nyumbani nikakaanga kitunguu, nyanya, nikatia tui. Robo saa nimekaa chini nakula. Sikuloweka, sikulaza mtu.

ELI: Yale yana magadi.

MWANAIDI: Nilijua utasema.

ELI: Si yana magadi? Ukiyabonyeza yanakuwa uji. Magadi yanalainisha ganda haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi unasikia sabuni kwenye ulimi.

MWANAIDI: Na makande ya mama yako kule Upareni, yale uliyotuletea mwaka jana, tukayasifia hapa hapa kwenye kipindi. Hayakuwa na magadi?

ELI: Ile ni hali nyingine.

MWANAIDI: Aka!

ELI: Kule ni milimani, dada. Mita 1500 juu ya bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Maharage yanakaa jikoni mpaka kuni zinakuchoka. Mama ana sababu. Mama wa kona yuko Dar es Salaam, usawa wa bahari, hana sababu.

MWANAIDI: Anayo. Anauza mkaa wake ndani ya kile kikombe. Lakini tuache magadi, wengine hawatii, mie wangu hatii...

ELI: Umemwona?

MWANAIDI: Nimemwuliza.

ELI: Umemwuliza!

MWANAIDI: Nisikilize. Jiko moja la mkaa, sufuria moja kubwa, nyumba ishirini zinakula. Wewe unabana moto wa nyumba moja kwa blanketi na taulo na kanga mbili. Yule mama keshabana wa mtaa mzima, na kasomesha watoto. Nani kati yenu anajua kubana?

ELI: Ni ghali zaidi. Kilo moja kavu ikiiva inapita kilo mbili. Nilipokuwa napanga chumba kimoja, kabla sijaoa, kilo hiyo ilinilisha siku nne. Siku ya kwanza na wali. Ya pili na chapati. Ya tatu naponda na viazi. Yanayobaki nayachanganya na mahindi. Ukinunua vikombe vitatu vitatu kila siku, mwisho wa mwezi uje tuhesabu.

MWANAIDI: Tuhesabu sasa hivi. Nani alikumbuka kuloweka Jumamosi usiku?

ELI: ...Hilo halihusiani.

MWANAIDI: Nani, Eli?

ELI: Mke wangu.

MWANAIDI: Nani alichambua mawe?

ELI: Alikuwa anaangalia tamthilia, anachambua huku anaangalia. Hakupoteza muda wowote.

MWANAIDI: Hapo hapo! Hapo ndipo tunapogombana mimi na wewe kila siku. Gesi unaipima kwa mizani, gramu kwa gramu. Yule aliyekumbuka saa nne usiku kwamba kesho kuna maharage, huyo hana mizani. Kukumbuka nako ni kupika.

ELI: Sikatai kwamba kukumbuka ni kazi. Nakataa kwamba dawa yake ni kununua. Nilikuwa bachela, nilikumbuka mwenyewe, nikaloweka mwenyewe, nikachambua mwenyewe.

MWANAIDI: Na sasa?

ELI: Sasa tumegawana.

MWANAIDI: Yeye anakumbuka, wewe unafunika blanketi.

ELI: Na naunga! Jumapili niliunga mimi. Dada, mtu ambaye hela yake ya wiki imeisha Jumatano, kwa mama wa kona hapiti. Dukani kwake kuna maharage makavu ndani ya debe, basi. Huyo unamwambia nini?

MWANAIDI: Namwambia mama wa kona anakopesha. Mwenye duka hakopeshi.

ELI: Anakopesha wewe, Mwanaidi, anakujua.

MWANAIDI: Ananijua kwa sababu nanunua!

ELI: Mh.

MWANAIDI: Mh na wewe.

ELI: Mimi sikubali.

MWANAIDI: Wala mie. Na nikirudi leo napita pale pale kona.

ELI: Pita. Msalimie na magadi yake.

MWANAIDI: (kimya kidogo) Kwetu Tanga lakini, hata hatubishani hivi. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, umetumwa na kibakuli chako unanunua. Bibi yangu alijua kupika mbaazi kuliko wote, na bado alinituma ninunue. Anasema mbaazi za kupika sufuria ndogo haziwi na ladha.

ELI: Hilo la sufuria ndogo nakubaliana naye. Nimesema ijae.

MWANAIDI: Usimchukue bibi yangu kwenye upande wako.

ELI: Haya, niendelee? Maana nimemaliza la kwanza tu. La pili ni chumvi. Watu wanasema ukiloweka maharage kwenye maji ya chumvi yanakuwa magumu. Ni kinyume. Kijiko kimoja kwenye lita mbili...

MWANAIDI: Eli, kijana wa mitambo ananionyesha vidole.

ELI: Vingapi?

MWANAIDI: Viwili. Sasa kimoja.

ELI: Dakika moja nitasema yote. Chumvi inalainisha ganda. Nyanya na ukwaju zisitangulie, zinayafanya yagome kuiva, utie mwishoni. La nne, maharage ya mwaka jana yaliyokaa kwenye joto...

MWANAIDI: Umeruka la tatu.

ELI: La tatu ni hilo la nyanya!

MWANAIDI: Nilidhani hilo ni la pili na nusu. Jamani, karatasi hii tutaimalizia siku nyingine, tukijaliwa. Ila niulize kimoja, maana wasikilizaji watataka kujua. Leo umekuja studio tangu saa nne asubuhi. Nyumbani mnakula nini?

ELI: ...Kunde.

MWANAIDI: Ziko wapi?

ELI: Zimelala.

MWANAIDI: Chumba cha wageni?

ELI: Mama mkwe bado yuko. Nimezihamishia chumbani kwetu.

MWANAIDI: Upande wa nani?

ELI: Zima mitambo, kijana.