Konea nayo hula

Matabibu wenzangu wa macho, walionisikia siku za nyuma mnivumilie, maana narudi palepale: tuache kuiita konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kioo cha jicho. Kioo hakili. Konea inakula usiku na mchana, na taka za chakula chake zisipoondolewa, inaingia ukungu.

Mishipa ya damu haimo, hilo mnalijua. Glukosi inatoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake, na oksijeni ya upande wa mbele inatoka hewani kupitia machozi. Sasa nawauliza: ukifumba macho ulale, hewa hiyo inapita wapi? Inabaki kidogo tu, ile inayovuja kutoka vimishipa vya ndani ya kope, kama theluthi ya ile ya mchana. Seli zinalazimika kuichoma glukosi bila oksijeni ya kutosha, na hapo lakteti, ile taka ya chakula niliyoitaja, inazidi. Lakteti ikijazana inavuta maji. Konea yenye unene wa kama nusu milimita inavimba kwa asilimia 4 hivi kufikia alfajiri. Nyote mliomo humu leo mmeamka na konea zilizovimba, na hamkuhisi lolote.

Mtu ataniambia: ikiwa kila mtu anavimba, ugonjwa uko wapi? Uko kwenye kurudi! Nyuma ya konea kuna safu ya seli, moja moja kwa unene, zimejaa mitokondria, yaani vijitambo vya nishati ndani ya seli, na kazi ya seli hizo ni kusukuma maji yatoke. Mtu mzima ana kama 2,500 katika kila milimita ya mraba, na zikifa hazizai nyingine. Katika ugonjwa aliouelezea daktari wa macho Ernst Fuchs mwaka 1910, mitokondria hizo zinaharibika, nguvu ya kusukuma inapungua, seli zinakufa kabla ya wakati.

Mama mmoja alinijia akisema asubuhi anaona moshi, mchana moshi unaondoka. Alikotoka alipimwa mara tatu, zote alasiri, akaambiwa ni uzee, akapewa miwani. Alasiri! Saa ambayo konea imeshajikamua maji! Nakasirika kila nikimkumbuka. Angeulizwa swali moja tu, "Moshi huo unauona saa ngapi?", ugonjwa ungejitaja wenyewe. Alipofika kwangu, moshi ulikuwa unakaa hadi jioni. Muulizeni mgonjwa saa, jamani, kabla hamjamwekea mashine.

Naona naonyeshwa saa, basi nikimbie. Keratokonasi, yaani konea inapokonda na kuchongoka mbele: tunashughulika mno na huko kuchongoka, ilhali ndani ya konea hizo kuna dalili za uharibifu wa oksijeni kali ambazo seli zimeshindwa kuzizima. Wanaofikicha macho muwakataze. Kisukari: glukosi iliyozidi inageuzwa sorbitoli, aina nyingine ya sukari, neva za konea zinapungua, mkwaruzo mdogo unachelewa kupona. Mwenye kisukari akisema jicho haliumi, msifurahi upesi, huenda halihisi. Lenzi za kuvaa machoni msilale nazo. Zinapunguza hata ile oksijeni kidogo ya kope.

La upandikizaji wa konea nilitaka kulieleza kwa kirefu, halitawezekana. Ila konea ya mtoaji ikisubiri mpokeaji, chupani, kwenye baridi ya nyuzi 4, maji inayowekwa yana glukosi ndani yake. Mwenyewe ameshafariki, konea bado inakula.