Kabla ya Rege Kulikuwa na Nini? Leo Nawajibu

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Kila nikipandisha video swali ni lile lile: "Wewe uko London na Wajamaika tele, rege si ilianza na Bob Marley?" Najua nikijibu kuna watakaosema naringa na Ulaya, na nikitaja bei watasema nalia njaa. Semeni tu, jambo hili nalipenda. Bob mnamjua, simgusi.

Anzeni na mento, muziki wa mashambani wa Jamaika: banjo, gitaa, manyanga, na besi ya kisanduku cha rumba. Hilo ni sanduku la mbao lenye tundu mbele. Mpigaji hulikalia, akakwanyua vyuma kwa vidole. Ni ukoo mmoja na ilimba ya Wagogo, ila hili ni kubwa. Chuma kirefu hutoa sauti nene, kifupi nyembamba. Kurekebisha sauti, unalegeza ukanda unaobana vyuma, unasogeza chuma ndani au nje, unakaza. Usipokaza vizuri, badala ya besi unasikia mtetemo wa bati.

Miaka ya 1950 Kingston, mji mkuu wa Jamaika, watu wasiomudu kulipia bendi walicheza kwenye saundi sistimu, yaani disko la kuhamishika: deki ya santuri, amplifaya ya vali, na masanduku ya spika makubwa kama kabati. Wenye saundi sistimu waliotajwa sana ni Tom the Great Sebastian, Duke Reid aliyewahi kuwa polisi, na Clement Dodd, yaani Coxsone, aliyewahi kwenda Marekani kukata miwa. Walipiga santuri za ridhimu na bluzi (R&B) ya Wamarekani weusi, wakikwangua lebo ya santuri ili mpinzani asijue wimbo ni wa nani. "Later for the Gator" ya Willis Jackson, kwa Dodd iliitwa "Coxsone Hop".

Mwishoni mwa miaka hiyo Marekani ikahamia rock and roll, nyimbo za aina waliyoitaka zikaadimika. Ndipo wenye spika walipoanza kurekodi wenyewe, wakitumia studio ya Federal ya Ken Khouri. Ska, muziki wa mwendo wa kasi uliotangulia rege, ikazaliwa hapo.

Isikilizeni hivi. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Besi inatembea kwenye namba, gitaa na piano vinachoma kwenye kila "na". Ukipiga gitaa kwenye namba, ska imekufa. Tarumbeta na saksafoni nyingi zilipulizwa na vijana waliolelewa Alpha, shule ya masista. Don Drummond wa tromboni, mwanachama wa bendi ya ska ya Skatalites, alitoka huko. Na msisahau "Oh Carolina" ya 1960: produsa Prince Buster aliwaleta studio mpiga ngoma Count Ossie na wenzake na ngoma zao za Kirasta, besi, funde na ripita. Ngoma hizo huitwa Nyabinghi, jina lililotoka Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda.

Mwaka 1966 mwendo ukapungua, ikawa rocksteady. Besi ikaacha kutembea: inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inarudi. Tarumbeta zikapungua, waimbaji watatu wakashika nafasi. Mwaka 1968 kundi la Toots na Maytals likatoa "Do the Reggay", na hapo tumefika kwenye rege, mengine mnayajua.

Sasa kinachoniuma. Wapigaji wengi walilipwa kwa wimbo, mara moja, basi, na mara nyingi jina la mtunzi likaandikwa la produsa. Jamaika iliendelea na sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911 mpaka 1993! Leo nikiweka sekunde chache za ska humu, mapato ya video yanachukuliwa na kampuni fulani, nami naachiwa fomu za pingamizi zisizojibiwa. Je, familia ya mpiga tromboni inapata nini hapo? Ndiyo maana nawahesabia kwa mdomo.

Mnaouliza kuhusu kununua: santuri za asili ni ghali, juu yake kuna posta na ushuru. Nyingi zina tundu kubwa la kati, bila kipachiko hazikai kwenye deki, na zilizochakaa zinakwaruza sana. Mimi naona matoleo mapya ya mkusanyiko yanatosha kuanzia, ila huo ni mtazamo wangu, kila mtu na mfuko wake. Mkinunua, hakikisheni majina ya wapigaji yameandikwa kwenye jalada.