Pima Mbawa, Usipime Baraza

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi vijana wa Makorora mliosimama mlangoni, ingieni, ndani bado pana nafasi. Nimeombwa nizungumze juu ya kasuku na matundu yao, na nilikubali siku ileile, kwa sababu jambo hili ninalo moyoni tangu utotoni.

Nilikulia Ngamiani. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kasuku wa kijani, wale wa huku kwetu pwani wenye kichwa cha kahawia na umanjano chini ya bawa, wapenda mibuyu na mashamba ya minazi. Tundu lake lilikuwa la duara, limepakwa rangi ya dhahabu, limening'inizwa kwenye boriti ya baraza. Kila mpita njia alilisifu. Haikupita miaka miwili, yule ndege akawa amejinyonyoa kifua chote, mapaja na mgongo. Manyoya yalibaki kichwani tu, kwa kuwa huko mdomo wake haukufika. Mjomba alidhani ni maradhi ya ngozi, akawa anampaka mafuta ya nazi. Nami nilikuwa mtoto, nikishika kichupa cha mafuta.

Miaka mingi baadaye, nimeshasoma mambo ya mifugo na kuzunguka vijijini nikichanja kuku, ndipo nilipoelewa nilichokiona. Tundu lile lilinunuliwa kwa ajili ya wapita njia. Hakuna aliyempima ndege.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Kasuku huzaliwa ndani ya tundu la mti, na sisi humfungia ndani ya tundu. Lile la kwanza mama yake alilichagua mwenyewe: akaangalia upana, giza, urefu kutoka chini, nyoka asifike. La pili tunamchagulia sisi. Basi angalau tuchague kwa uangalifu kama wa mama yake.

Anza na mbawa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule anayejulikana kwa kusema, ana urefu wa sentimita 33 hivi, lakini akitandaza mbawa zake anafika karibu nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Tundu ambalo hawezi kutandaza mbawa zote mbili bila kugusa ukuta ni jela ya mateso, hata likiwa la dhahabu. Kwa huyo mimi nasema upana usipungue sentimita 90, kina 60, na kimo 90 au zaidi. Ukiwa na fedha za kuongeza, ongeza upana kabla ya kimo. Ndege huruka kwa kwenda mbele, hapandi juu kama moshi. Wale kasuku wadogo wa Serengeti, wasiofika sentimita 16, wasikudanganye kwa udogo wao: wana mbio kutwa, nao huishi wawili wawili, kwa hiyo wanataka upana wa sentimita 80 au zaidi.

Halafu nafasi baina ya waya na waya. Kipimo chake ni kichwa cha ndege. Kichwa kikipita, siku moja kitapita na hakitarudi. Kwa kasuku wa kijivu sentimita 2 hadi 2 na nusu, kwa wale wadogo sentimita 1 na kidogo tu. Na baadhi ya nyaya zilale, zisisimame zote, maana kasuku hupanda. Tundu la duara silitaki kwa sababu mbili. Halina pembe, na ndege akiogopa hutafuta pembe aegemee. Tena kule juu nyaya zinapokutana zinabana, na ukucha ukinasa pale ndege hupapatika mpaka avunje mguu.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo nilipofiwa.

Nilipooa nilimchongesha fundi mmoja tundu kubwa, la mraba, vipimo vyote sawa. Tulitumia wavu mpya wa kuku, ule unaong'aa. Mng'ao ule ni zinki, imepakwa ili chuma kisishike kutu. Kwa kuku haina neno sana, kuku hali waya. Lakini kasuku hutembea kwa mdomo. Mdomo ni mguu wake wa tatu: anauma waya, anajivuta, anauma mwingine, na ulimi wake unapita kila mahali. Kwa upepo wetu wa chumvi hapa Tanga, zinki ile ikaanza kutoa unga mweupe. Kasuku wangu akaanza kunywa maji kupita kiasi, choo kikawa maji, akatetemeka, na siku ya nne nilimkuta chini ya tundu. Nilikuwa nimesomea wanyama, na sikuujua unga ule. Ndiyo maana leo nausema hadharani: ukiuona unga mweupe kwenye waya, mtoe ndege saa hiyohiyo.

Chuma kizuri kuliko vyote ni stenlesi, lakini bei yake naijua, siwezi kumwambia mtu wa kipato cha kawaida akauze kiwanja. Zungumza na fundi wako atumie fito nyembamba za chuma kitupu, azipige msasa, kisha rangi isiyo na madini ya risasi, ngumu, iliyokauka siku nyingi. Usichukue rangi kuukuu iliyobaki kwenye mlango wa duka. Kama huna ila wavu wa zinki, usugue wote kwa siki na brashi ngumu, suuza, uanike juani siku kadhaa, kisha urudie. Hatari inapungua, haiishi. Afadhali kusubiri miezi miwili ukusanye fedha kuliko kuharakisha.

Kijiti cha kutulia kiwe cha mti halisi. Tawi la mpera ni zuri, magome yake na yote, lioshwe tu. Liwe nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, nyayo zipate kubadili mshiko. Vile vijiti laini vya duara vinavyolingana kote huleta vidonda chini ya nyayo.

Je, tundu likae wapi? Jikoni, hapana. Hapa watu wa pwani tunahitaji kusikilizana vizuri, kwa kuwa nyumba zetu zina harufu nzuri na baadhi ya harufu hizo humuumiza ndege. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa mwilini, na hewa mbichi hupita kwenye mapafu akivuta na akitoa pumzi pia. Ndiyo siri ya nguvu ya kuruka. Ndiyo pia sababu ya kufa haraka penye sumu hewani. Udi na ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, moshi wa mkaa, sigara, dawa ya kupuliza mende: vyote hivi vimpite mbali. Na kuna kikaango kile cheusi ndani, kisichogandisha chakula. Kikisahauliwa motoni mpaka kikapita kiasi cha joto, hutoa mvuke ambao binadamu anaweza asiusikie kabisa, na kasuku aliye chumba cha pili akafa kwa dakika chache. Sisemi mama asifukize nyumba Alhamisi jioni. Nasema kasuku ahamishwe kwanza, apelekwe kwenye chumba chenye dirisha wazi, na asirudi mpaka hewa imesafika.

Mahali pazuri ni sebuleni, upande mmoja wa tundu umeegemea ukuta, kimo cha kifua cha mtu mzima. Mchana atolewe barazani akipata kivuli na jua kidogo la asubuhi, maana bila jua hata madini ya chokaa anayokula hayamfai mifupani. Watu wa Raskazone, mnaokota ufukweni mifupa myeupe ya dome, yule wa baharini wa jamii ya pweza: ioshe, iloweke, ikaushe, mtundikie ndani ya tundu aigugune. Usiku arudi ndani. Paka, panya, nyoka na siafu wote wanajua njia ya barazani.

Saa moja jioni mfunike kwa kanga nyepesi, au mpeleke chumba kisicho na televisheni. Anataka saa 10 mpaka 12 za giza na utulivu, kama msituni kwao. Kasuku anayekesha na tamthilia atapiga kelele asubuhi, na nyinyi mtamwita mkorofi.

Ila tundu zuri lenye ndege mpweke halijatatua kitu. Hawa ni viumbe wa makundi, tena wana akili. Huko Marekani mtafiti Irene Pepperberg alikaa miaka 30 na kasuku wa kijivu aitwaye Alex, akamfundisha maneno zaidi ya 100: majina ya vitu, rangi, maumbo na hesabu ndogo. Mwenye akili hiyo unamwacha kutwa peke yake, watoto shule, kisha madrasa, baba kazini, mbele yake bakuli la alizeti analolimaliza kwa robo saa. Atafanya nini baada ya hapo? Atajinyonyoa. Mpe kazi. Ficha chakula ndani ya makumbi ya nazi ayachane. Mfungie kifuu kwa kamba ya katani yetu, fupi, na uikate ikianza kuchambuka isimfunge vidole. Alizeti iwe kidogo; mchicha, karoti, boga, papai na chungwa la Muheza viwe vingi. Pilipili anaila bila kuwashwa. Parachichi la Lushoto usimpe hata kipande, kwake ni sumu.

Na jambo la sheria. Makinda ya mtini si yetu. Kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa nchini, muulize afisa wanyamapori kabla hujamlipa muuzaji. Wale wadogo wa Serengeti walinaswa kwa wingi sana miaka ya 1980 kupelekwa nje. Kasuku wa kijivu amepungua mno misituni, hata mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Johannesburg kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Na huyu huishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo ukimchukua leo, sema na wanao pia.

Mama wa Chumbageni ameinua mkono. Anauliza: nikimfungulia mlango si atatoroka?

Mfungulie, mama yangu, kila siku, walau saa moja. Kwanza funga madirisha. Zima pangaboi, na ungoje mpaka lisimame kabisa, maana limeua kasuku wengi. Funika kioo kikubwa, funika pia pipa la maji, paka mtoe nje. Kisha acha mlango wa tundu wazi, ukae chini umenye chungwa lako. Usimkimbize. Siku ya kwanza huenda asitoke, siku ya tatu atakaa juu ya tundu. Na chakula chake cha jioni kiweke ndani, palepale penye tawi la mpera. Giza likianza kuingia atashuka mwenyewe.